Majira Mawili ya Baridi Bila Gesi: Tathmini ya Fleti Mpya Mashariki mwa London

Tulihamia katika fleti hii ya vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tano ya jengo jipya mashariki mwa London, tukitoka katika nyumba ya zamani ambayo kila Januari ukuta wa nyuma ya kabati la watoto uliota ukungu mweusi, hata tuufute mara ngapi. Baada ya kukaa humu majira mawili ya baridi ninaipa fleti hii nyota nne kati ya tano. Ninawaandikia Waswahili wenzangu wanaotafuta nyumba katika jiji hili, kwa sababu karibu kila nilichokipenda humu, pamoja na lile moja lililotukosesha raha, kinatokana na masharti ambayo madalali hawana mazoea ya kuyaeleza.

Masharti hayo yamo katika Mpango wa London, yaani mwongozo wa ujenzi na maendeleo ya jiji zima, uliotolewa na Meya wa jiji mwezi Machi 2021. Kila anayeomba kibali cha mradi mkubwa, na mradi wa nyumba 10 au zaidi huhesabiwa kuwa mkubwa, hutakiwa kuonyesha kwamba jengo lake litafikia sifuri halisi ya hewa ukaa, yaani hewa ukaa inayotokana nalo ipunguzwe na inayosalia ifidiwe. Angalau punguzo la asilimia 35, kwa kulinganisha na kanuni za ujenzi za kitaifa, lazima lipatikane palepale kwenye kiwanja, na kwa nyumba za kuishi asilimia 10 sharti itokane na ubora wa jengo lenyewe, yaani kuta, madirisha na namna linavyozuia upepo kupenya. Kinachosalia mjenzi anaweza kukilipia katika mfuko wa halmashauri. Bei iliyopendekezwa katika mpango huo ni pauni 95 kwa tani ya hewa ukaa kwa muda wa miaka 30, ambayo ni sawa na pauni 2,850 kwa kila tani ya mwaka iliyobaki. Njia hii ya malipo hainiridhishi, kwa maana fedha zikishapokewa, jengo hubaki kama lilivyo kwa miongo mingi. Hata hivyo sina budi kuzisifu halmashauri za jiji hili kwa uvumilivu: ile ya Merton, upande wa kusini, ilianza mwaka 2003 kudai kwamba asilimia 10 ya nishati ya majengo makubwa mapya yasiyo ya makazi itokane na vyanzo jadidifu, na ilikuwa mwaka 2008 ndipo Bunge lilipopitisha sheria ya kuzithibitishia halmashauri mamlaka ya kuweka masharti ya aina hiyo.

Sasa niseme masharti hayo yanavyoonekana kwa mtu anayelala ndani yake. Jengo letu halina bomba la gesi. Juu ya paa kuna paneli za sola na pampu za joto, ambazo huvuta joto lililomo katika hewa ya nje, hata siku ya baridi kali, na kulipeleka kwenye maji yanayozunguka katika fleti zote. Usiku mmoja wa theluji tulizima kipasha joto saa tatu, na alfajiri nilipoamka kuswali kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi 19. Katika nyumba ile ya zamani, saa kama hiyo tungekuwa tumejifunika makoti. Ukungu hatujauona tena, kwa sababu kuna mashine ndani ya kabati la ukumbini inayotoa hewa yenye unyevunyevu na kuingiza hewa safi, huku ikihifadhi joto la ile inayotoka. Ina vichujio vinavyohitaji kubadilishwa, jambo ambalo hakuna aliyetueleza. Nilipofungua kifuniko baada ya miezi minane nilikuta kichujio kimekuwa cheusi kama kitambaa cha kufutia masizi.

Jikoni ndiko tulikohitaji kujifunza zaidi. Jiko ni la umeme la aina ya induksheni, ambalo halitoi moto bali huamsha joto ndani ya chuma cha chombo chenyewe, na sufuria zetu za aluminiamu zilizosafiri nasi kutoka nyumbani zilikaa juu yake zikiwa baridi kabisa. Kipimo ni rahisi: ukibandika sumaku chini ya sufuria ikashika, sufuria hiyo itafanya kazi. Kikaango cha chuma cha chapati kilishika, na chapati zake zinaiva sawasawa mpaka ukingoni. Ugali una shida yake, kwani ukianza kuusonga kwa nguvu sufuria huteleza juu ya kioo, hivyo mmoja hushika mikono ya sufuria na mwingine hushika mwiko. Mama mkwe alipotutembelea kutoka Tanga alisimama mbele ya jiko hilo, akauliza, “Mwanangu, na wali nitaupalia kwa nini?” Siku ya tatu alikuwa ameuweka wali wa nazi katika kiwango cha chini kabisa, chini ya mfuniko mzito, na ukakauka vizuri.

Nyota ya tano imepotelea kwenye bili. Joto tunauziwa na kampuni moja tu iliyopewa jengo zima, mpangaji hana uwezo wa kuhamia kampuni nyingine, na ukomo wa bei za nishati uliowekwa kitaifa haugusi joto linalouzwa kwa mtandao wa mabomba ya jengo. Sheria ya Nishati ya 2023 ilimkabidhi Ofgem, msimamizi wa soko la gesi na umeme, usimamizi wa mitandao hii, jambo ninaloliona kuwa lilichelewa mno. Sisi tulitozwa kwa makadirio kwa miezi minne ilhali mita ipo na inafanya kazi. Nilipoandika kuomba takwimu za matumizi halisi ya jengo, ambazo Mpango wa London unataka zipimwe na kuripotiwa kwa angalau miaka mitano baada ya jengo kukamilika, barua mbili za kwanza hazikujibiwa. Barua ya tatu, niliyompelekea nakala diwani wetu, ilijibiwa ndani ya wiki moja, na makadirio yakarekebishwa.

Kwa hiyo anayekwenda kutazama fleti ya namna hii asiridhike na paneli zilizoko juu ya paa. Aombe bili ya mpangaji aliyetangulia, aulize tozo ya kila siku ya joto ni kiasi gani hata kama hakuna kilichotumika, aulize vichujio hubadilishwa na nani, na aende na sumaku mfukoni. Mkataba wetu unaisha mwezi Septemba, nasi tumekwisha kuomba uongezwe kwa miaka mingine miwili.