NCLEX-RN: mtihani wa haki, usajili unaotaka umakini

Kwa muuguzi wa Kenya au Tanzania anayetafuta leseni ya Marekani, NCLEX-RN ndio mtihani wa kupata leseni hiyo, na mtihani wenyewe tunausifu. Kompyuta hupandisha ugumu ukipatia na kuushusha ukikosea. Maswali ni 85 hadi 150, kwa saa 5. Kati ya 85 ya mwanzo, 15 ni ya majaribio na hayahesabiwi, ila hutayatambua, basi jibu yote kwa makini. Swali ulilolijibu hurudii tena. Muda ukiisha hujafikisha 85, umefeli.

Udhaifu uko kwenye usajili. Unaomba kwanza kwa bodi ya uuguzi ya jimbo ulilochagua, kisha unalipa Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani, dola 200, na 150 zaidi pamoja na kodi ukifanyia nje ya Marekani. Majina yetu matatu ndiyo huwaponza wengi: jina la usajili lisipolingana na la pasipoti, hufanyi mtihani, na ada imekwenda. Lisahihishe mapema, kabla idhini ya mtihani haijatoka. Idhini hiyo ina tarehe ya mwisho, na haiongezwi hata kama viza ya kusafiria kituoni imechelewa. Ukifeli, unasubiri angalau siku 45 na kulipa upya.