TT ya benki: uzoefu wangu wa kulipia mashine za kushonea kutoka Lubumbashi

Ninauza mashine za kushonea na vipuri vyake katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Kwa miaka mingi nilinunua mzigo kwa wauzaji wa jumla wa mjini, ambao huuleta kutoka China kupitia bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa. Mwezi wa tano mwaka 2024 niliamua kuagiza mwenyewe. Profoma, yaani ankara ya awali ya bei, iliyotoka Guangzhou ilikuwa ya dola 6,000, na chini yake palikuwa na mstari ulionishinda: «T/T 30%», salio likilipwa kabla ya kupakia. Asilimia thelathini niliielewa. TT sikuijua, na fomu za benki yangu, ambazo zote ni za Kifaransa, husema «virement» (uhamisho wa fedha) tu.

Karani aliyenipokea dirishani, mzee aliyekaribia kustaafu, alicheka kidogo. «Mama, hilo neno ni la zamani kuliko mimi,» akasema. TT ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuhamisha fedha kwa telegrafu, kazi ambayo Western Union ya Marekani iliianza mwaka 1871: mteja alilipa katika ofisi ya mji mmoja, ujumbe ukapigwa kwa waya, na ofisi ya mji wa pili ikamlipa mpokeaji kutoka kasha lake yenyewe. Baadaye ikaja teleksi, mashine za kupelekeana ujumbe ulioandikwa kupitia waya. Mzee alinisimulia jinsi makarani walivyokokotoa namba ya siri kwa kitabu cha misimbo, wakichanganya tarehe, sarafu na kiasi, ili benki ya upande wa pili ijue kwamba ujumbe haukughushiwa. Tarakimu moja ikikosewa, ujumbe ulikataliwa. Kazi hiyo iliondolewa na SWIFT, shirika la mtandao wa ujumbe wa benki, lililoundwa Ubelgiji (nchi ambayo sisi Wakongo hatuhitaji kuelekezwa ilipo) mwaka 1973 na kuanza kupitisha ujumbe mwaka 1977. Telegrafu ikafa na teleksi ikaifuata, lakini jina limebaki kwenye profoma za wafanyabiashara.

Kwa somo hilo ningeipa benki yangu alama zote tano. Nimeipa tatu, kwa sababu ya sanduku moja dogo kwenye fomu.

Hata leo fedha zenyewe hazisafiri. Kinachosafiri ni agizo, na kwa kuwa nililipa kwa dola, agizo langu lilipitia benki ya tatu huko New York, ambako benki yangu ina akaunti, na benki hiyo nayo hukata chake. Ndiyo maana fomu huuliza nani atabeba gharama: OUR maana yake mtumaji analipa zote, SHA mnagawana, BEN anabeba mpokeaji. Nilipopewa fomu, SHA ilikuwa imekwisha kutiwa alama, nami nikatia sahihi bila kuuliza. Nilituma dola 1,800 na kulipa ada ya dola 40. Siku ya nne muuzaji aliniandikia kwamba amepata 1,775 na kwamba hagusi mzigo hadi nimalizie 25. Nilipe ada ya 40 ili kutuma 25? Tulivutana siku mbili, mwishowe akakubali niziongeze kwenye salio. Kosa la kutosoma ni langu, lakini anayemtilia mteja alama kabla hajaketi anapaswa angalau kumwambia.

Kilichonisaidia katika mvutano huo ni nakala ya ujumbe wenyewe, ambayo wafanyabiashara wa hapa huiita «swift» tu. Iombeni, hata kama karani hakuitoa. Kwenye nakala yangu ya mwaka 2024 visanduku vilikuwa na namba: 32A ilionyesha tarehe, sarafu na kiasi, 59 ilimtaja mpokeaji, na 71A ndiyo iliyokuwa na zile herufi tatu za gharama. Nilipoipiga picha na kumtumia muuzaji, aliona mwenyewe kwamba mimi nilituma 1,800 kamili.

Salio nililipa wiki sita baadaye, dola 4,225, kwa OUR. Ada ilikuwa kubwa zaidi, lakini siku ya tatu muuzaji alithibitisha kupokea kiasi chote, bila senti kupungua. Mzee yule yule ndiye aliyenihudumia, na kabla ya kurudisha jalada langu kabatini aliandika juu yake kwa kalamu nyekundu «TT», herufi ambazo hakuna fomu hata moja ya benki ndani yake inayozitaja.