Mzee wa duka la vitabu alivyonimalizia Peponi kabla sijaifungua

Sikwenda pale kutafuta ugomvi. Nilitaka kitabu kimoja tu, Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kijana wa kaunta, macho kwenye simu, akaninyooshea kidole upande wa misahafu na vitabu vya dua. "Vya dini viko kule, dada." Nikamwambia kaka, ni riwaya. "Ya kidato cha ngapi?" Hilo nimelizoea. Ukishika riwaya na huna mtihani mbele yako, watu wanakuona una nafasi sana.

Aliyenikosea si yeye. Ni mzee mwenye duka, aliyekuwa amekaa nyuma na kahawa yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu, akanyanyuka mwenyewe, akakitoa kitabu rafuni, akakipangusa vumbi kwa kiganja. Pesa nikatoa. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekutendea wema: "Hiki nimekisoma. Yule kijana mwishoni anawakimbilia askari wa Mjerumani. Hamna pepo humo, binti yangu."

"Mzee wangu, mbona unanimalizia?"

"Hadithi tu hiyo. Kwani unakwenda kutoa ushahidi mahakamani?"

Yule kijana, ambaye muda wote hakuinua uso, sasa akainua ili acheke.

Na nyinyi mnaosoma hapa mmeshausikia mwisho. Tugawane hasara.

Ingekuwa tawasifu nisingejali. Dreams in a Time of War, kumbukumbu za utotoni za marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o za mwaka 2010, niliianza nikijua kila kitu: mtoto wa Limuru atafika shule ya Alliance, atakuwa mwandishi. Jina lake liko juu ya jalada, atakufaje njiani? Hata hivyo nilishika pumzi pale stesheni anapozuiwa kupanda treni ya abiria kwa kukosa kibali, wenzake wanaondoka, yeye anaishia kusafirishwa kwenye treni ya mizigo. Lakini Yusuf wa Gurnah hana jalada la kumkinga. Haishi popote nje ya kurasa zile. Ukinitajia mwisho wake, umeniua naye.

Kwa hasira kitabu kilikaa mkobani wiki kadhaa. Nilipokianza, nilikianza kwa kisirani. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli isiyolipa katika mji wa Kawa, na tajiri Aziz, ambaye mtoto anaambiwa ni ami yake, kila akiaga humwachia sarafu. Mtoto anaingoja ile sarafu kwa hamu. Siku moja anapandishwa treni pamoja na mgeni huyo, hajui kwamba baba kamtoa rehani kwa deni. Khalil, kijana mwenzake wa dukani kwa Aziz, ndiye anayemfungua macho kwamba yule si ami wala nini, ni Seyyid, na amwite hivyo.

Ukurasa huo ungetosha kunilaza macho. Mimi nilikuwa namsikia mzee wa duka. Msafara unaingia bara chini ya mnyapara Mohammed Abdalla, unafika kwa mtawala Chatu, mali inaporwa, watu wanakufa, na mimi nauliza tu: askari wako wapi, mbona hawaji tumalize? Bustani ya Aziz niliipita mbio kama mtu anayewahi daladala la mwisho.

Kisha Zulekha, mke wa Aziz, akamshika Yusuf shati, likachanika mgongoni.

Nani aliyepita chuo cha Kurani asiijue nguo hiyo? Imechanika nyuma, basi aliyekuwa anakimbia ni yeye, na mkweli ni yeye. Hata Khalil anaushikilia ushahidi huohuo. Kisa cha Nabii Yusuf tumekisikia tangu hatujaota meno ya pili, kutoka kisimani mpaka hazina za Misri, na kila kikisimuliwa wapo wanaojifuta machozi kwa ncha ya kanga. Hakuna anayemwambia mwalimu asiseme mwisho. Ila yule anatoka gerezani kuwa mkubwa. Huyu wa Gurnah anatoka bustanini kwenda kule ninakokujua, na kwa kuwa nakujua, nikaanza kumwombea abadili njia. Kurasa thelathini hivi za mwisho nilizisoma nimesimama.

Basi huenda mzee alinifaa. Hakuniambia habari za Amina, mke mdogo wa Aziz. Hakuniambia habari za mbwa wanaokula uchafu walioacha askari baada ya kukamata watu, na Yusuf anawatazama na kujitambua humo. Wala hakunitajia ule mlio kama wa milango inayokomewa nyuma yake. Alinipa tukio, sababu yake akaiacha kitabuni, na sababu ndiyo kitabu chenyewe.

Hapana. Nakataa. Ule mlio ningeusikia bila kuonywa, mara moja tu maishani, na mara hiyo sitaipata tena. Hela yangu walichukua kamili.

Kitabu nakipa alama zote. Ngoja, nipunguze moja, kwa sababu Yusuf amemwacha Amina ndani ya ukuta ule na hilo sijamsamehe. Kisha nairudisha kwa ajili ya Mzee Hamdani, mtunza bustani, mtumwa aliyepewa uhuru kama zawadi akaukataa, akitaka kujua nani aliwaambia kwamba uhuru wake ulikuwa mikononi mwao. Hapo nilifunga kitabu nikatembea uani. Bustani naisoma upya sasa, polepole, mti kwa mti. Duka halipati hata nusu alama, kahawa ya mzee na marahaba yake vikiwemo.

Afterlives, riwaya nyingine ya Gurnah, ya 2020, yenye Hamza, kijana aliyejiandikisha mwenyewe kwa Mjerumani, nimemwagiza mdogo wangu aniletee kutoka Nairobi. Nimemwambia akiinunua aifunge kwenye gazeti, na njiani asizungumze na mtu yeyote mwenye umri wa kuwa amekisoma.