Kwenda Tukuyu au kupanda Chunya?

Ukiwa Mbeya na gari lina mafuta, barabara mbili zinakuita. Mimi nachagua ya Tukuyu.

Ukikata kulia Uyole unapanda hadi Isongole, kwenye mashamba ya viazi na baridi ya kufunga vioo, huku Mlima Rungwe, wenye mita zaidi ya 2,900, ukiwa upande wa kushoto. Halafu barabara inaanza kushuka. Kiwira ni migomba mitupu, na akina mama wanapanga mikungu kando ya lami. Mchepuko wa kwenda Daraja la Mungu, ambako Mto Kiwira unapita chini ya mwamba, usiuruke. Mbele ya Tukuyu chai imekatwa sawasawa mpaka kwenye upeo, na ukiendelea hadi Kyela unakuta joto na mpunga. Mvua tu ndiyo kikwazo: ukungu ukishuka, washa taa na usilipite lori kwenye kona.

Ya Chunya ni fupi kwa utamu wake: misonobari ya Kawetire, kisha bonde linafunguka chini yako ghafla. Kwa mwenye nusu siku, hiyo inatosha kabisa.