Mkanda wa presha ulinibana, midomo yao ikamalizia

Nimejifungua salama, mtoto mzima, namshukuru Mungu. Hilo lisikufanye udhani nimekuja kusifia. Hospitali siitaji jina, ni ya binafsi, hapa Dar. Nyota mbili.

Mimi ni bonge. Najijua, sikuambiwa kliniki. Na hatari zake nazijua: presha ya mimba, kisukari cha mimba, kidonda cha operesheni kuchelewa kupona. Ndiyo maana nikalipa niende mahali pa uhakika.

Kasheshe ilianza mimba ikielekea mwisho, nilipokutana na nesi mpya. Akachukua mkanda wa presha wa kila mtu, akauzungusha mkononi, haufiki. Akauvuta ukashika kwa ncha tu. Kujaza upepo, ukaachia praa! Benchi zima likageuka. Badala ya kutafuta mkanda mkubwa, akasema kwa sauti ya mnadani: "Mama, huu mkono au paja? Mnakula nini huko majumbani?" Wakacheka. Dada mmoja pembeni hakucheka, Mungu ambariki.

Mara ya pili akaushikilia kwa kiganja usiachie. 150 kwa 100. Hapo hapo kikaanza kutajwa kifafa cha mimba, nilazwe, operesheni iandaliwe, mume aitwe asaini. Kichwa hakiniumi, macho hayana ukungu, mkojo umepimwa hauna protini. Namwambia, "Dada, mkanda mdogo huu." Ananijibu, "Wewe ndiye mkubwa."

Jamani, hili hata mimi nisiyesomea udaktari nalijua: mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa kuliko presha yenyewe. Mzunguko wa mkono ukizidi sentimita 32 hivi, unatakiwa mkanda wa saizi kubwa. Upo, unauzwa. Wala sipuuzi presha. Inaua wajawazito, na sisi wanene iko nasi karibu zaidi. Si ndiyo sababu ya kuipima sawasawa?

Aliyeniokoa ni mkunga mmoja mtu mzima, wa leba. Kapita, kautazama mkono, kautazama mkanda, hakusema neno. Akarudi na mkanda mpana. Kumbe siku zote ulikuwepo, umefungiwa kabatini! Akanikalisha, akaniambia nipumzike kwanza, nisipandishe mguu juu ya mguu, ndipo akapima. 128 kwa 82. Nikalia, si kwa furaha, kwa hasira.

Na siku ya uchungu ndiye niliyemkuta zamu. Kila nikigeuka mashine inapoteza mapigo ya mtoto, mafuta ya tumbo ndivyo yanavyofanya. Hakuninung'unikia. Alikishika kile kidude kwa mkono wake, akasema, "Geuka unavyotaka mwanangu, nakufuata." Nikazaa kawaida, bila kisu.

Kwa huyo mama natoa tano, hata sita kama zingekuwepo. Lakini nikikumbuka kile kicheko cha benchini, hapana, hata zile mbili nazipunguza. Moja. Na hiyo moja ni ya mkunga, hospitali isijipe.

Nilikwenda kwa matroni kulalamika, akasema nesi alikuwa anatania tu, nisiwe na moyo mwepesi. Juzi nimempeleka mtoto chanjo, nikauliza kuhusu ule mkanda mkubwa. Bado uko kabatini, na ufunguo anao mtu aliye likizo.