Wharram Percy: nenda kwa ajili ya kanisa

Wengi huenda Wharram Percy, kule North Yorkshire, Uingereza, kuona mahame ya kijiji cha zama za kati. Kusema kweli, kijiji chenyewe sasa ni matuta yaliyofunikwa na majani, na bila ubao wa maelezo huambulii kitu. Gofu la Kanisa la Mtakatifu Martin ndilo lililonipa thamani ya safari.

Ukifika, usikimbilie kuingia ndani. Simama nje, upande wa kusini. Ukutani kuna matao makubwa yaliyozibwa kwa mawe, na katikati ya mawe hayo yamepachikwa madirisha. Zamani matao yale yalikuwa wazi, yakitokeza kwenye ubavu wa kanisa ulioongezwa waumini walipokuwa wengi. Upande wa kaskazini ni hivyo hivyo. Watu walipopungua, mbavu zote mbili zilibomolewa na matao yakazibwa, kama gauni linavyobanwa mwenyewe akishakonda. Nilipitisha kidole pale tao linapokutana na kiraka: mawe ya tao yamechongwa yakakaa sawa, ya kiraka ni ya kila saizi.

Mwanahistoria Maurice Beresford na mwanaakiolojia John Hurst walichimba hapa tangu 1950 hadi 1990. Chini ya sakafu zilipatikana dalili za kanisa dogo la mbao la karne ya 10, na makaburini mifupa ya watu karibu 700. Vipimo vya mifupa ya watoto vilionyesha kwamba akina mama wa hapa walinyonyesha kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Habari hiyo ilinigusa kuliko mnara.

Na wanaosema tauni ndiyo iliyoua kijiji, hapana. Iliua watu wengi, ila kijiji kiliendelea. Kilichokimaliza ni kondoo: karibu mwaka 1500 familia za mwisho zilitolewa ili ardhi iwe malisho. Kanisa halikufa pamoja na kijiji, kwa sababu lilikuwa la parokia nzima. Watu wa Thixendale, kijiji cha jirani, waliendelea kuja kusali hapa hadi walipojengewa la kwao karne ya 19. Baadaye madini ya risasi yaliyofunika paa yaliibwa, mvua ikaingia, na mwaka 1959 nusu ya mnara ikaanguka. Nusu iliyobaki inakuonyesha unene wa kuta bila kiingilio.

Eneo linatunzwa na English Heritage, shirika linalotunza maeneo ya kihistoria, na kuingia ni bure. Kutoka maegesho unashuka kwa miguu zaidi ya kilomita moja, njia ina mawe na mteremko, ikinyesha inateleza. Choo hakuna, mkahawa hakuna, na huenda mkakutana na ng'ombe njiani. Nalipatia nyota nne. Mwenye magoti mabovu abaki York anywe chai, maana kurudi ni kupanda.