Ziara ya kiroho Ayalandi: sehemu zenyewe nyota 5, waandaaji nyota 2 na nusu

Nianze na swali ambalo kila mtu ananiuliza, je ni mambo ya uganga? Hapana, sio uganga. Ni ziara ya kikundi, mnakusanywa Dublin mnapandishwa basi dogo, wengi ni Wamarekani na Wajerumani waliostaafu, mnazungushwa kwenye sehemu ambazo watu wa kale wa huko walikuwa wanaziheshimu, na kila mnapofika kiongozi anawaweka duara anapiga kingoma chake anasema fumbeni macho mpokee nishati ya ardhi. Anayetaka anaingia, asiyetaka hasumbuliwi. Mi Muislamu bwana, nilikuwa nakaa pembeni na dereva tunapiga stori, na kusema ukweli yule mzee alikuwa anajua mambo mengi kuliko kiongozi tuliyekuwa tunamlipa.

Tatizo langu kubwa na hawa jamaa ndio hilo, tangazo lao limejaa "mahekalu ya Wakelti", yaani wale watu wa kale walioleta lugha ya Kiayalandi, halafu sehemu ya kwanza kabisa mnayopelekwa ni Newgrange, kaburi kubwa la mawe lililofunikwa kama kilima, ambalo Wakelti hawakulijenga. Ile ilijengwa kama mwaka 3200 kabla ya Kristo, ni kongwe kuliko mapiramidi ya Giza kule Misri, na waliojenga ni wakulima wa zama za mawe. Wakelti na lugha yao wamekuja karne nyingi sana baadaye, wamekikuta kilima kipo, wakakitungia hadithi za miungu wao. Kwangu mi hiyo inaifanya sehemu iwe tamu zaidi, sasa kwa nini unadanganya?

Afadhali Newgrange kwenyewe huyo kiongozi wenu hana kauli, mnakabidhiwa kwa waongozaji wa pale pale na hao wamesoma. Mnachukuliwa na basi kutoka kituo cha wageni, mabegi mnaacha nje, mnaingia kwenye njia ya mawe ya mita 19 nyembamba mpaka kuna mahali unapita ubavu ubavu, mtu mwenye kitambi ajipange. Juu ya mlango kuna kijidirisha, na kwenye zile siku fupi za mwaka, tarehe 21 Desemba hivi, jua likichomoza mwanga unapenya hapo unatambaa chini mpaka chumba cha mwisho, dakika 17 tu halafu giza linarudi. Profesa O'Kelly aliyekuwa anachimba pale alikuwa anasikia wenyeji wanasimulia, akaamua kuingia kungoja mwenyewe, akaona, hiyo ni 1967. Siku hizi kuingia asubuhi hiyo ni bahati nasibu na wanaoomba ni maelfu kwa maelfu. Sisi tulienda Mei kwa hiyo walizima taa wakatuigizia kwa taa ya umeme, aisee hata hiyo ya kuigiza nywele zilinisimama. Kupiga picha ndani marufuku, na ni vizuri.

Tara ni kinyume chake, hapo usipopata msimuliaji utaona majani na kondoo basi. Ni mlima mdogo wa wafalme wa zamani, kuna jiwe limesimama linaitwa Lia Fáil wanasema mfalme wa haki akiligusa lilikuwa linapiga kelele. Kila mtu kwenye kundi aligusa, kimya. Stori niliyoipenda mi alinipa dereva, kwamba kati ya 1899 na 1902 kuna kundi la Waingereza walikuja kuchimba pale wakitafuta Sanduku la Agano, lile la Nabii Musa! Watu wakaandamana kupinga, hata mshairi Yeats alikuwemo kwenye kupinga. Kiongozi wetu hakugusia kabisa, alikuwa anapiga ngoma. Na ngoma ilikula muda wote, tukaambiwa haraka kwenye basi.

Loughcrew mnapanda kilima kwa miguu, upepo unakusukuma, juu kuna makaburi ya mawe yamechongwa michoro kama majua na maua. Kaburi kubwa kuliko yote, linaloitwa Cairn T, limefungwa ili lisiharibike kwa hiyo tulichungulia getini tu, waambie watu kabla jamani, kuna mama alikuwa na goti bovu kapanda yote ile akiamini ataingia.

Mji wa Kildare, kwa Brigid, ndio moyo wa safari kwangu. Brigid kwa wengine ni mtakatifu wa Kikristo kwa wengine ni mungu wa kike wa kale, na wenyewe wala hawagombani. Karne ya 12 kuna padri aliandika kwamba masista wanautunza moto wake usizimike. Baadaye ulikuja kuzimwa, na 1993 masista wa Brigid wakauwasha tena, mpaka leo upo kwenye kituo chao. Tangu 2023 siku yake imekuwa sikukuu ya taifa. Sista aliyetupokea hakutuuzia nishati yoyote, alitupa chai na kujibu maswali. Kisimani kwake miti imefungwa vitambaa vya maombi, mtu wa Tanga au Kilifi aliyeona mizimu yetu ya pwani hashangai hata kidogo. Wenyeji wanasema kitambaa kikioza na ugonjwa unaondoka nao, sasa kampuni ikatugawia riboni za nailoni! Zitaoza lini hizo? Mi yangu niliiweka mfukoni.

Chakula, samaki na viazi utashiba, halali usitegemee nje ya miji. Swala za Mei zinataka subira, magharibi ni saa tatu usiku.

Viza sasa, hapa wengi wataumia. Ayalandi haimo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, na sio Uingereza, mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Ayalandi yenyewe hata kama una kibali cha kuishi Ujerumani. Halafu ratiba yetu ilikuwa na siku ya Armagh kwenda Navan Fort, sehemu nyingine ya wafalme wa kale, hiyo ni Ayalandi ya Kaskazini, chini ya Uingereza, mpakani hakuna anayekusimamisha lakini sheria inataka viza ya Uingereza. Kampuni haikusema neno. Nilibaki hotelini siku nzima na hela haikurudi.

Ningerudi? Ningerudi bila wao. Newgrange ni kama kilomita 50 tu kutoka Dublin, Tara haina kiingilio, Uisneach, kilima kingine cha kale, iko kwenye shamba la mtu na wenyewe wana ziara zao za kuongozwa. Kodi gari mgawane watu wanne, chukua waongozaji wa pale pale. Ukiwa unataka duara na ngoma kweli basi lipia kikundi, ila kabla ya kutuma hela waulize mnakaa muda gani kila sehemu na nani atakayekuwa anasimulia.